Chachu yako haijafa, ina baridi na njaa

"Shikamoo mama. Naishi Nkuhungu, Dodoma, nimepanga vyumba viwili. Mwanzoni mwa mwezi huu wa Julai nilianza kutengeneza chachu ya asili ya mkate, ile ya unga na maji tu. Nilianza na kikombe cha unga na kikombe cha maji. Siku ya pili na ya tatu ilitoa mapovu mpaka ikamwagika mezani, nikafurahi, nikawarushia ndugu zangu picha. Siku ya nne ikanyamaza. Tangu hapo naipa kijiko kimoja cha unga na kijiko kimoja cha maji kila asubuhi, leo siku ya 11, haipandi hata kidogo. Juu kuna maji ya kijivu na inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Sijamwaga hata tone, unga ni bei na mimi sikulelewa kumwaga chakula. Nimeongeza sukari, haikusaidia. Kuna aliyeniambia niweke zabibu, na jirani anasema nitie hamira kimyakimya. Maji ni ya bomba, unga ni ule mweupe wa dukani. Je, imekufa? Nilitaka Jumamosi nimpikie mama yangu mkate, ana sukari, na nimesikia mkate wa hivi hauna madhara kwa watu wenye sukari."

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana umenipa kila nilichokihitaji. Wengi huniandikia "chachu yangu haipandi, nifanyeje" halafu kimya, nami nabaki kuuliza maswali kama polisi. Wewe umetaja mwezi, kijiko, harufu, hata mtaa. Kwa hiyo nakujibu moja kwa moja: haijafa. Ile harufu ya dawa ya kucha na yale maji ya kijivu ni vilio vya njaa, na mwenye kulia njaa yuko hai. Ni vijidudu vilivyomaliza chakula chao vikabaki kuogelea kwenye uchafu wao wenyewe. Maji hayo yana kilevi kidogo ndani yake. Mzee yeyote aliyewahi kuinamia chungu cha pombe ya uwele angekitambua kwa pua.

Ila nianze na kitu kilichokudanganya, kwa sababu ndicho kinachowakatisha tamaa watu wengi kuliko yote. Yale mapovu ya siku ya pili na ya tatu, yale uliyoyapiga picha, hayakuwa ya chachu unayoitafuta.

Unga, hata ule mweupe kama chaki, una wakazi. Umetoka shambani na wakazi wake, wamelala kwa ukavu, na ukiutia maji wanaamka wote kwa pamoja. Wa kwanza kuchangamka ni bakteria wepesi, wale wale wanaokaa kwenye majani na udongo. Wamo wa ukoo unaoitwa Leuconostoc, nao wakipata kula hutoa gesi nyingi sana kwa muda mfupi. Ndio waliomwagikia meza yako. Lakini kadiri wanavyokula ndivyo wanavyotoa asidi, na asidi hiyo wenyewe hawaivumilii. Kufikia siku ya nne wamejitengenezea mazingira yasiyowafaa, wanaisha, na kopo linanyamaza. Hapo watu hudhani kuna msiba. Kumbe nyumba inabadilisha wapangaji. Wanaingia bakteria wanaopenda uchachu, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa kwenye kibuyu na kuichachua togwa. Pamoja nao, polepole, inaongezeka hamira ya mwitu, ambayo tangu mwanzo ilikuwemo kwenye unga ila kwa uchache mno. Hiyo haiogopi uchachu, na ndiyo itakayokuumulia mkate.

Kwenye joto la nyuzijoto 25 hivi, ukimya huo huchukua siku mbili, tatu, wakati mwingine nne. Kwenye baridi unaweza kupita wiki. Ya kwangu ya kwanza niliimwaga chooni siku ya sita, nikalaumu unga, nikalaumu maji, nikalaumu aliyenifundisha. Ya pili nikaisahau nyuma ya friji kwa uvivu tu, na siku ya tisa nikaikuta imepanda hadi kwenye mfuniko. Kule nyuma ya friji kuna joto.

Baridi ndiyo shida yako ya kwanza. Mafundisho mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa kwenye joto, au wa nchi za baridi ambao nyumba zao zina mashine ya kupasha. Wanakuambia "weka mezani, itapanda mara mbili kwa saa sita," na kwa mtu wa Dar es Salaam hilo ni kweli mwaka mzima. Sisi wa Dodoma tuko mita elfu moja na mia moja na ushee juu ya usawa wa bahari. Julai upepo unavuma tangu alfajiri, usiku joto linashuka hadi nyuzijoto 13 au 14, na sakafu ya saruji inaihifadhi ile baridi mpaka saa nne asubuhi. Hamira inapenda nyuzijoto 25 hadi 28. Joto likishuka nyuzi 10, kazi yake hupungua kwa nusu au zaidi. Kwa hiyo siku zako 11 za kipupwe usizihesabu kama siku 11 za Tanga. Kwa hesabu ya chachu, huenda uko siku ya tano au ya sita.

Shida ya pili ni kijiko. Kijiko cha chakula kilichosawazishwa kinabeba unga wa gramu 8 hivi, na kijiko hicho hicho kinabeba maji gramu 15. Ukisema kijiko kwa kijiko, umeweka maji karibu mara mbili ya unga kwa uzito, na kikombe kwa kikombe ni vivyo hivyo. Chachu yako ni nyepesi kama unga wa chapati za maji. Sasa fikiria uji ukichemka jikoni: povu linapanda, linapasuka juu, gesi inakwenda zake, uji unabaki palepale ulipokuwa. Uji mzito wa ugali ukianza kuchemka ndio unaovimba na kukurukia mkononi. Inawezekana kabisa chachu yako inatoa gesi kila siku na wewe huioni, kwa sababu hakuna cha kuishikilia. Tunachotaka ni uzito sawa wa unga na maji, na kwa asiye na mizani maana yake ni vijiko viwili vya unga kwa kijiko kimoja cha maji. Kinakuwa kitu kizito, kinachovutika, kinachoanguka kutoka kwenye kijiko kwa kusitasita.

Shida ya tatu ni hiyo ya kutomwaga, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu mimi pia nililelewa hivyo. Ulianza na kikombe cha unga na kikombe cha maji, hiyo ni kama gramu 370. Ukiongeza vijiko vyako vya kila asubuhi, sasa una karibu nusu kilo ya chachu. Hiyo nusu kilo unaipa gramu 8 za unga kwa siku. Ni sahani moja ya ubwabwa kwenye msiba wa watu sitini. Chachu inahitaji walau unga wenye uzito sawa na yenyewe kila inapolishwa. Bila kumwaga, leo ungetia nusu kilo ya unga na nusu lita ya maji, ukawa na kilo moja na nusu. Kesho kilo nne na nusu. Keshokutwa unatafuta ndoo ya lita 20. Anayebakiza kijiko kimoja na kumwaga kilichobaki ndiye anayeokoa unga, maana kijiko kimoja kinashiba kwa vijiko viwili vitatu. Na baadaye, chachu ikishakomaa, hutamwaga tena: kinachozidi unakichanganya kwenye chapati za maji, na nakuhakikishia hutarudi kuzipika za kawaida. Kwa sasa, kwa kuwa bado hatujui vizuri nani anaishi humo, wape kuku au fukia kwenye mbolea.

Kuhusu washauri wako. Sukari haidhuru sana, ila haitibu kitu. Unga wenyewe una vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na vijidudu vyako vinaishi kwa hiyo. Ukiongeza ya dukani unalisha kila mtu humo ndani, hata wale usiowataka. Kama kweli unataka kuisaidia kwa njia hiyo, bana kimea cha ulezi kidogo kwa vidole viwili uchanganye kwenye unga. Kimea kimejaa vimeng'enya hivyo, ndiyo sababu bibi zetu walikitia kwenye togwa.

Zabibu ni hadithi nzuri zaidi, hasa kwetu Dodoma tunaozivuna mara mbili kwa mwaka. Ni kweli ngozi ya zabibu ina hamira. Lakini nyingi ya hiyo imezoea sukari ya matunda. Ndani ya unga sukari kubwa ni maltozi, na hamira za ngozi ya zabibu, wengi wao, hawajui kuila. Isitoshe mizabibu hupigwa dawa za kuzuia ubwiri unga na ukungu mwingine, na hamira nayo ni jamii hiyo hiyo ya kuvu. Kwa hiyo huenda unaongeza sumu yake badala ya mbegu yake. Zabibu zako zile, au mpelekee mama.

Hapo hapo nikusimulie kidogo, maana hili hunifurahisha kila nikilikumbuka. Mwaka 1971 watafiti wawili, Kline na Sugihara, walieleza bakteria wa chachu maarufu ya San Francisco, wakawapa jina la mji ule. Watu wakaamini ni hewa ya pale tu inayoweza kuwatoa. Baadaye bakteria hao hao wakaonekana kwenye chachu za nchi nyingine nyingi. Kinachovutia ni wanavyoishi na hamira wenzao: bakteria wanapenda maltozi, ile hamira haiigusi kabisa, inakula sukari nyingine. Hawagombanii sufuria. Ndiyo sababu chachu iliyokomaa inaweza kulishwa miaka na miaka ikabaki ile ile, na ndiyo sababu pia huwezi kuiharakisha kwa kumwingiza mgeni kwa nguvu.

Mgeni huyo ni hamira ya jirani yako. Ukiitia, kesho kopo litapanda na wewe utashangilia, lakini hutajua nani amelipandisha. Hamira ya dukani imechaguliwa kwa kasi. Si dhambi, mimi naiuza kila siku ndani ya mikate ya chai, ila hiyo haitakuwa chachu uliyoitafuta kwa siku 11.

Maji na unga visikusumbue sana. Maji yetu mengi yanatoka visima vya Mzakwe, Makutupora, yana chumvichumvi na huacha ule utando mweupe kwenye birika. Chachu haijali. Kinachoweza kuirudisha nyuma kidogo ni klorini, na dawa yake ni kuyaacha maji wazi usiku kucha au kuyachemsha yapoe. Usitumie ya mtungini moja kwa moja, ni baridi. Yawe vuguvugu. Unga mweupe unafaa, na yale madini ya chuma, zinki na vitamini vinavyoongezwa viwandani kwa mujibu wa sheria hayaiui chachu, kama nilivyowahi kuulizwa na mama mmoja kwa hasira. Ila pumba ndizo zenye wakazi wengi na chakula kingi cha madini, kwa hiyo nusu ya unga wako iwe wa ngano nzima. Ukiukosa, peleka kilo ya ulezi au uwele mashineni, uchanganye kijiko kimoja kwa kila vijiko vitatu vya ngano. Usizidishe, kwa sababu ulezi na uwele hazina ule mvutano wa ngano unaoshikilia gesi.

Sasa leo fanya hivi. Korogea yale maji ya kijivu ndani, chukua kijiko kimoja tu cha chachu, weka kwenye chupa safi ya jamu, kilichobaki aga. Ongeza kijiko kimoja na nusu cha maji vuguvugu na vijiko vitatu vya unga, koroga mpaka pasiwe na unga mkavu, futa kuta za chupa kwa kidole. Zungushia chupa rababendi pale ilipofika. Hiyo rababendi ndiyo shahidi wako. Macho yanadanganya na mapovu ya juu hayasemi lolote, ila rababendi inakuambia imepanda au haikupanda. Mfuniko uweke bila kuukaza. Niliwahi kuukaza nikasafiri kwenda Kondoa, niliporudi kipande cha chupa kilikuwa kwenye sufuria ya maharage upande wa pili wa jiko.

Halafu joto. Juu ya king'amuzi cha televisheni panafaa sana, ukitandika kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Kama huna, chukua hotpoti kubwa, weka chupa ya chachu na chupa nyingine ndogo yenye maji ya moto uliyoifunga taulo, funika, badilisha maji asubuhi na jioni. Kipimo ni mkono: ukishika chupa isikupe baridi wala isikupe moto. Usiiweke pembeni ya jiko la mkaa na usiianike juani. Mwaka niliohamia hapa niliiacha juu ya bati la banda la kuku nikidhani naisaidia, saa nane mchana pembeni ilikuwa imeiva kama uji uliolala.

Lisha hivyo mara moja kwa siku, saa ile ile, ukibakiza kijiko kimoja kila mara. Usikimbilie kuipa chakula kingi wala mara mbili kwa siku wakati bado ni dhaifu: ukifanya hivyo unazimua uchachu unaowalinda wenyeji na unamwaga hamira kabla haijaongezeka. Siku mbili tatu za kwanza huenda usione kitu. Harufu itabadilika kwanza, kutoka dawa ya kucha kuelekea mtindi au tunda lililoiva sana. Kisha rababendi itaachwa chini nusu kidole, kesho yake kidole kizima. Ikianza kupanda na kushuka kabla ya saa 12 kupita, sasa ndiyo inadai, ilishe mara mbili. Ikipanda maradufu ndani ya saa nne hadi nane, mara tatu mfululizo, iko tayari kuoka. Lile jaribio la kudondosha tone majini uone kama litaelea usilitegemee. Chachu nzuri huzama ukiikoroga, na mbovu huelea ikibeba povu moja.

Ukiona rangi ya waridi au ya chungwa, hata msitari mwembamba, au manyoya ya ukungu ya rangi yoyote, tupa yote na chupa uichemshe. Hapo hakuna kuokoa kijiko cha chini. Na kama wiki mbili za joto na chakula sahihi zitapita bila kupanda, usiniandikie tena, beba chupa umpelekee mtu anayeoka mikate ya namna hii hapo mjini. Mambo mengine yanahitaji pua, na pua haipiti kwenye simu. Akikupa kijiko cha chachu yake, chukua bila aibu. Ni njia ya mkato halali kabisa, na kwa kweli ningekuwa na haraka ningeanza hapo.

Kuhusu mama. Mkate huu si dawa, na si kweli kwamba hauna madhara kwa mwenye sukari. Uchachu wake hupunguza kasi ya wanga kumeng'enywa, na katika vipimo vingi sukari ya damu haipandi sana kama kwa mkate wa kawaida. Lakini wanga ni wanga, na wa unga mweupe bado utapandisha. Mpe vipande viwili vyembamba pamoja na maharage au mayai na mboga nyingi, mpime kabla ya kula na saa mbili baadaye, na namba hizo mzipeleke kliniki yake. Asipunguze dawa wala sindano kwa sababu ya mkate. Hilo likubali kutoka kwa daktari anayemwona, mimi ni mwokaji tu.

Na hiyo Jumamosi, tumia hamira. Robo kijiko cha chai kwa nusu kilo ya unga, nusu yake wa ngano nzima, kanda Ijumaa jioni, funika, uache uumuke usiku kucha kwenye baridi hiyo hiyo inayoitesa chachu yako. Utapata mkate wenye ladha, na mama hatasubiri. Wa chachu utakuwa tayari Agosti. Oktoba joto likifika nyuzijoto 30, ishushe kutoka kwenye king'amuzi na uanze kuipa chakula mara tano ya uzito wake, maana itakuwa inakula kama kijana wa kidato cha pili.